Aliyejua Mahali Niliposimama

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, asubuhi, macho yakiwa wazi na tumboni nikiwa na chai tu. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia mzee anasimulia mambo ya ukungu, huuliza kwanza alikuwa amekunywa nini. Sinywi. Niliacha pombe kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Kuna sababu nyingine ya kuniamini, ingawa si ya kujivunia. Nimedanganya kwa miaka ishirini na miwili, mbele za watu, nikiwa nimevaa koti, kwa hiyo uongo naujua vizuri. Uongo hulainika kila unapousimulia. Ukifika mara ya kumi unateleza wenyewe. Kisa hiki kila nikikisimulia hunikwama mahali palepale. Utapaona tukifika.

Nyumbani kwangu ni upande wa Kabianga, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Nina shamba dogo la chai, laini kumi na nne. Shamba linalopakana nami ni la marehemu ndugu yangu, Kibet, na mjane wake anaishi hapo mpaka leo. Tunamwita Bot Chelangat, yaani mama yake Chelangat. Waweke hao wawili akilini, ndugu yangu na mjane wake. Wengine si wengi.

Mimi na Kibet tuligombana kwa sababu ya njia. Njia ya kwenda mtoni ilipita shambani kwake, na mwaka mmoja akapanda chai juu yake. Mke wangu, Mungu amrehemu, akawa anazunguka na mtungi mpaka kwa jirani. Ningeweza kwenda kuongea naye. Alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja na kwake hapafiki hatua mia mbili. Badala yake nilichukua jembe nikaing'oa ile miche yote, na wazee walipotuita kutusuluhisha nilisimama mbele yao nikasema, "Kuanzia leo sitaingia chini ya paa ambalo Kibet amelala."

Mzee mmoja alinisihi niyarudishe maneno hayo papo hapo. Kwetu neno la namna hiyo halisemwi juu ya ndugu. Likishasemwa halilali, hukaa likingoja siku yake. Nilikataa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niliona wazee wanaogopa bure.

Miaka mitatu baadaye Kibet aliugua tumbo, akalazwa hospitali. Hospitali nayo ina paa.

Sasa sikiliza nilivyokuwa nikiusimulia mwisho wa jambo hilo kanisani, kwa sababu huo ndio uongo wenyewe. Nilikuwa nasimama na kusema: "Wapendwa, Bwana alinivunja. Siku ya nne niliingia wodini. Bot Chelangat alikuwa ameenda nyumbani kukamua ng'ombe, ndugu yangu alikuwa peke yake. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Akanishika mkono, huu wa kulia, akaniambia, 'Ndugu yangu, yameisha. Mwambie mama watoto asilie, siko peke yangu.' Halafu akafumba macho."

Mara ya kwanza nilisema hivyo wiki mbili baada ya mazishi. Kanisa zima lililia. Bot Chelangat alikuja mbele akanishika mikono yote miwili. "Asante," akasema. "Nilikuwa nadhani alikufa bila mtu." Ungefanya nini pale? Ungemwambia ulikuwa unatania? Mimi nilinyamaza, na kimya changu kikaufunga uongo kama fundo.

Kisha nikaalikwa kwingine. Nilitoa ushuhuda ule Kapkatet, nikautoa Soin kwenye mkutano wa hadhara, nikafanywa mzee wa kanisa. Nilijua mahali pa kutulia kidogo ili akina mama wapate nafasi ya kutoa leso. Na Bot Chelangat alipojengea kaburi la mumewe saruji, alimwambia fundi aandike maneno matatu chini ya jina. Siko Pekeangu. Fundi hakuwa mzuri wa kuandika, akayaunganisha hivyo. Kila nilipokwenda kuchuna chai niliyasoma, kwa sababu kaburi liko karibu na mpaka.

Basi, asubuhi yenyewe. Ni mwaka jana, mvua ndefu zilipoanza kupungua. Mikono yangu ina baridi yabisi siku hizi, kwa hiyo chai yangu ilikuwa imepitisha zamu yake ya kuchunwa. Nilitoka saa moja na nusu, nikafunga aproni ya nailoni, nikaingia laini ya nane na kikapu changu mgongoni. Ukungu ulikuwa ule wa kwetu wa kukaa chini. Unaona mikono yako na vichwa vya miche miwili mitatu, basi.

Nilikuwa nimechuna kidogo niliposikia mtu anachuna laini ya saba, upande wa pili wa miche yangu. Mchunaji hutambulika kwa sauti ya vidole vyake. Huyu alikuwa mwepesi, hakosei. Nilisimama nikasikiliza.

"Chamgei, mzee," sauti ikasema.

"Chamgei mising," nikajibu. "Nani huyo?"

"Mchunaji."

"Mimi sikuita mchunaji."

"Najua hukuita. Lakini chai yako imezeeka, mzee. Ukingoja wiki moja tena utakuja na shoka."

Nikacheka. Alinisalimu Kikipsigis, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa kutoka ziwani, wale walioletwa na kazi za mashamba makubwa na wakabaki. Tangu mashine za kuchunia zije, wengi wao hupita vijijini wakitafuta kibarua. Nilidhani ni mmoja wao. Nilimwona kofia ya nailoni na bega, basi. Uso wake sikuuona hata mara moja, na usiniulize ulikuwaje.

"Mashine imekufukuza na wewe?" nikamuuliza.

"Mashine haina macho. Inakata jani bovu na zuri pamoja. Mimi naangalia moja moja." Akaendelea kuchuna. "Tuongee, mzee, kazi iende. Wewe si mtu wa kanisa?"

"Mzee wa kanisa."

"Aa! Basi nipe ushuhuda."

Nani angekataa? Ulikuwa mdomoni tayari. Nikaanza huku nikichuna. Ugomvi wa njia, miche niliyoing'oa, maneno niliyoyasema mbele ya wazee. Hayo yalikuwa kweli, na yeye alikuwa anaitikia, "Mm. Mm." Nikafika pale penyewe. "Siku ya nne niliingia wodini."

"Kwa mlango upi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. "Kwa mlango wa wodi."

"Una rangi gani?"

"Kijani."

"Nje ni kijani," akasema. "Ndani je?"

Nikasema ilikuwa zamani, nimesahau.

"Si kitu. Endelea tu, mzee."

Ningenyamaza hapo leo ningekuwa na kisa kingine. Lakini uongo wa miaka mingi una mwendo wake, hausimami katikati. Nikasema nilipiga magoti, nikasema ndugu yangu alinishika mkono.

"Upi?"

"Wa kulia."

"Mkono wako wa kulia ulikuwa umeshika kibuyu," akasema.

Vidole vyangu vikasimama. Vyake havikusimama.

"Kibuyu cha maziwa ya mursik, kile cha mama yenu chenye ufa mdomoni. Ulikibeba siku nne. Siku zote nne ulisimama chini ya jakaranda, nje ya wodi, ukayahesabu madirisha. Dirisha la tatu kutoka pembeni. Mfagiaji ndiye alikuonyesha. Mke wa Kibet akipita, ulijificha nyuma ya mti. Kila siku ulisema, leo naingia. Na kila jioni ulikunywa yale maziwa mwenyewe pale darajani, ndiyo nyumbani wasiulize kwa nini yamerudi. Siku ya nne ukaona nesi anavuta pazia. Hukungoja. Ulikwenda zako."

Amini usiamini, hayo hayakujulikana na mtu. Mke wangu alikufa bila kuyajua. Mfagiaji hakunijua jina. Darajani sikukuta mtu hata siku moja, nilikuwa naangalia kwanza mbele na nyuma.

Nikauliza, "Nani amekutuma kwangu?"

Hakujibu hilo. Alisema, "Umejiambia miaka yote kwamba ni lile neno lako lililokuzuia mlangoni."

"Ndilo."

"Sio neno. Hukuogopa kufukuzwa, mzee. Uliogopa kupokewa. Ulijua Kibet atafurahi kukuona, mbele ya wauguzi na wagonjwa wote, na mkosaji ni wewe."

Hapa ndipo kisa hunikwama. Kwa sababu lile la kibuyu mtu angeweza kulijua, tuseme alijificha mahali akaniona. Lakini hili la mwisho hata mimi sikulijua. Nililijua aliposema, jinsi unavyoujua mlango wa nyumba yenu gizani ukiupapasa. Na hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuambia kifungo cha shati lako kimeingia tundu lisilo lake.

Kanisani tulikuwa tunaimba kila Jumapili kwamba Mungu anatujua. Nililichukua kama neno la jumla tu, kama kusema mvua itanyesha mwezi wa nne. Sikuwahi kufikiri kwamba maana yake ni habari za kibuyu.

Sikulia. Ninakueleza jinsi ilivyokuwa. Nilihisi tu nimechoka sana, uchovu ule wa mtu aliyetua kikapu kituo cha kupimia chai. Nikamuuliza kitu kimoja tu, kile ambacho kilikuwa kimenikaa miaka ishirini na miwili.

"Kwa hiyo alikufa peke yake?"

"Muulize mke wake kitanda kilielekea wapi," akasema.

Halafu sauti ya vidole ikakoma.

Nikaita. Nikaita tena. Niliinama nikapita katikati ya miche mpaka laini ya saba, hapakuwa na mtu. Nilikaa chini kwenye matope, sijui kwa muda gani, mpaka ukungu ulipoinuka na jua likapenya. Hapo ndipo nilipoona jambo la pili. Laini ya saba ilikuwa imechunwa yote, kutoka juu mpaka chini, majani mawili na kichipukizi, sawa kana kwamba mtu amepitisha ufito. Na juu yake, kutoka mche hadi mche, utando wa buibui ulikuwa umetanda mzima, umejaa umande, hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Wewe mwenye chai jaribu. Chuna mche mmoja tu asubuhi bila kukata utando, kisha uje unionyeshe. Na yale majani yalikwenda wapi? Niliuliza kituoni siku ile kama kuna mgeni ameleta majani. Hakuna.

Siku tatu sikutoka nyumbani. Usifikiri niliogopa mzimu. Niliogopa Bot Chelangat. Kama nikimwambia, ninamnyang'anya maneno ya mwisho ya mumewe, maneno aliyoyaegemea tangu akiwa mama mwenye nywele nyeusi, maneno aliyoyaandika kwenye saruji. Na nikimnyima, basi ninaendelea kumlisha uongo nikijua kuna anayeniona nikiupika. Ni afadhali lipi? Siku ya nne nilikwenda. Ilikuwa siku ya nne tena, nililigundua nikiwa njiani.

Nilimkuta ameketi nje anachagua maharagwe kwenye ungo.

"Baba Weldon! Umepotea. Ingia, chai ipo."

"Nitasimama tu," nikasema.

"Utasimama kama nani, askari?"

Nikamwambia. Sikupamba. Mti, kibuyu, daraja, pazia, na kwamba mkono sikushikwa. Alikuwa anaendelea kuchagua maharagwe mpaka nikafika kwenye yale maneno kaburini, kwamba ni mimi niliyeyatunga. Mikono yake ikatulia.

"Kwa hivyo hakukuwa na mtu na yeye."

"Hakukuwa na mtu."

"Miaka hii yote, Baba Weldon. Nimelala na hayo maneno kama blanketi."

"Najua."

"Hujui kitu."

Nikakubali kwamba sijui. Kuku alikuja akadonoa maharagwe yaliyoanguka na hakuna aliyemfukuza. Ningeondoka hapo, lakini nilikuwa nimeambiwa niulize, na sikuwa na ujasiri wa kutouliza. "Mama," nikasema, "pale wodini, kitanda kilielekea wapi?"

"Kitanda gani? Unaniuliza kitanda saa hii?" Alikuwa amekasirika, na alijibu kwa hasira, ndiyo maana najua hakutunga. "Siku ya kwanza kilikuwa kinaangalia mlango, kama vitanda vingine. Kesho yake nikakuta wamekigeuza kinaangalia dirisha, upepo unampiga usoni, mtu mgonjwa! Niligombana na nesi. Akaniambia ni yeye mwenyewe ameomba, amesumbua usiku kucha mpaka wakamgeuza. Nikamuuliza Kibet, unaangalia nini huko nje? Akaniambia anaangalia mti. Mpaka mwisho, mti tu, mti tu. Nikafikiri ni homa."

Nikauliza, "Alisema ni mti gani?"

Alifungua mdomo kunijibu, akaufunga. Mimi sikuwahi kumwona Kibet siku zile nne. Dirishani nilikuwa naona mawingu tu kwenye kioo. Sikuwahi kufikiri kwamba kioo huonyesha upande mmoja, na aliye ndani humwona aliye nje.

Bot Chelangat aliinuka, akaacha ungo pale chini, akaingia ndani akafunga mlango.

Jumapili iliyofuata niliyasema yote kanisani. Wengine waliguna, kijana mmoja nyuma alicheka. Mchungaji aliniambia baadaye kwamba yule mchunaji alikuwa malaika. Mwanangu Weldon anasema ni umri. Jirani yangu mmoja, mtu wa biashara aliyehamia kwetu kutoka upande wa Murang'a, alinishauri niikate laini ya saba nipande mikaratusi, kwa sababu mahali palipoonekana kitu huonekana tena. Mimi sisemi alikuwa nani. Nasema alinijua. Nilivuliwa uzee wa kanisa, na walifanya vizuri.

Bot Chelangat hakuongea nami miezi miwili. Tukikutana njiani alitazama ng'ombe wa watu. Mwishoni sikuweza kuvumilia, nikachukua nyundo na patasi nikaenda kaburini kuyafuta yale maneno. Nilikuwa nimepiga mara moja tu, chini ya herufi ya kwanza, niliposikia anakuja mbio na kanga yake mkononi.

"Unafanya nini kwa mume wangu?"

"Nafuta uongo wangu."

"Wako? Nani amekwambia ni wako?" Akaninyang'anya nyundo. Ana nguvu kunishinda. "Wewe ulidanganya, hiyo ni yako na Mungu wako. Lakini alikuwa na mtu kwa mti. Siku nne. Huyo mtu alikuwa mjinga, lakini alikuwako. Toka hapo."

Nikatoka. Nilikuwa nimeshafika kwenye mpaka aliponiita.

"Baba Weldon. Na maziwa uliyanywa?"

"Niliyanywa."

"Yote?"

"Yote."

"Siku zote nne?"

"Zote nne."

"Si afadhali ungenipa mimi?" akasema. "Nilikuwa nashinda njaa pale wodini." Na alicheka, mara moja, kicheko kifupi, akaficha mdomo na kanga.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi humpelekea kibuyu. Hakipokei mlangoni. Husema, "Mpaka ndani," nami huinama naingia chini ya lile paa, naketi, tunakunywa wote. Kama ndugu yangu alinisamehe, sijui. Hilo sikuambiwa na sitalitunga. Najua aliomba wamgeuze.

Na sasa wewe. Huenda una jambo ulilolipamba mpaka limekuwa zuri kuliko lilivyokuwa, na watu wamelilia, na limekupa kiti. Nakuonya kama mtu aliyetoka huko. Siku moja utaulizwa maswali madogo sana, na anayeuliza alikuwepo. Hatakuuliza kama unaamini. Atakuuliza mlango una rangi gani.

Mwezi uliopita nilikwenda kule hospitali kuuangalia. Jakaranda bado ipo. Wodi ile walishaibomoa wakajenga nyingine, na mlango wenyewe hakuna anayeukumbuka. Kwa ndani ulikuwa na rangi gani sitajua tena mpaka nife. Kama mlango wako bado upo, ingia ukaone.